Historia ya East African Airways: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia Januari 1946 hadi mwanzoni mwa 1977, nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na shirika moja la ndege. Waliowahi kulipanda wengi wao sasa ni wazee, na vijana wanaouliza habari zake hupewa jibu la mkato kwamba lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka miaka thelathini ya kazi iliyofanyika kweli, tena kazi nzuri. Shirika hili lilianza dogo sana, likahudumia miji ambayo hakuna mwingine aliyetaka kuihudumia, na muda wote wa uhai wake lilikuwa mali ya majirani walioishi wakipigiana hesabu. Majibu yaliyo hapa chini hayalingani urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Kabla ya East African Airways, nani alikuwa akisafirisha watu kwa ndege katika Afrika Mashariki?

Aliyetangulia kwa maana halisi ni kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya. Alishirikiana na rubani Tom Campbell Black, na ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, chombo kidogo cha watu wawili kisicho na paa. Leo inaweza kuonekana kama mchezo wa matajiri, lakini haja ilikuwepo. Reli ilipita mahali pachache, na masika yalipoanza, barabara nyingi zilikatika kwa majuma mazima.

Kilichoipa kampuni hiyo riziki ya kudumu ni barua. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifikisha safari zake Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Cape Town. Njia hiyo kuu ilipita na kuacha sehemu kubwa ya eneo letu pembeni, hivyo Wilson Airways ikawa mkono wa kukusanya na kusambaza: ilichukua mifuko ya barua na abiria na kuwapeleka Nairobi, kisha pwani hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Tangu mwaka 1937, ndege za Imperial zilizotua majini zilipoanza kupita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea kusini, kazi hiyo ya kuunganisha ilizidi.

Campbell Black mwenyewe aliondoka mapema, na mwaka 1934 yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda usiofika siku tatu. Ni jambo la kuvutia kwamba mmoja wa marubani wawili waliotikisa dunia mwaka ule alikuwa amezoea kubeba barua za Nairobi.

Vita vilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wa Wilson Airways walichukuliwa kwa kazi ya kijeshi, na kampuni haikuamka tena.

Je, uwanja wa ndege wa Wilson wa Nairobi umeitwa kwa jina lake?

Ndiyo. Awali uliitwa Nairobi West, na mwaka 1962 ukapewa jina la Wilson. Hadi leo ndio uwanja wa ndege ndogo zinazokwenda mbugani na kwenye miji ya mbali, yaani kazi ileile aliyoianza mama huyo.

East African Airways ilianzishwa lini, na kwa fedha za nani?

Msingi wake wa kisheria uliwekwa mwaka 1945, na safari zilianza tarehe 1 Januari 1946. Wenye mali walikuwa serikali nne zilizokuwa chini ya Uingereza. Kenya ilikuwa na asilimia 67.7 ya mtaji, Uganda 22.6, Tanganyika 9 na Zanzibar 0.7. BOAC, shirika la taifa la Uingereza, lilitoa msaada wa ndege, watumishi na ujuzi.

Namsihi msomaji asizipite tarakimu hizo haraka. Tanganyika ndiyo iliyokuwa nchi kubwa kuliko zote, yenye umbali mrefu zaidi wa kuruka na barabara mbovu zaidi, lakini mkono wake katika mtaji haukufika hata sehemu moja ya kumi. Tangu siku ya kwanza, aliyehitaji ndege zaidi hakuwa ndiye aliyezimiliki zaidi. Hilo halikuwa kosa la meneja yeyote, wala halikuzuia kazi kufanyika kwa miaka mingi. Lakini mbegu ya ugomvi wa baadaye ilikuwa imeshafukiwa ardhini.

Ndege za mwanzo zilikuwaje?

Zilikuwa sita, zote aina ya de Havilland Rapide. Rapide ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa nguzo na nyaya. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, na juu yake kuliwambwa kitambaa kilichokazwa kama ngozi ya ngoma. Ilikuwa na injini mbili za panga, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 200, na ilikwenda kilomita mia mbili na kitu kwa saa. Rubani alikaa peke yake puani. Nyuma yake walikaa abiria wasiozidi wanane, kiti kimoja kila upande wa kijia chembamba, kila mmoja na dirisha lake. Aliyesafiri mchana kutoka Mombasa kwenda Tanga aliiona pwani yote ikipita chini yake polepole: mikoko, midomo ya mito, matanga ya majahazi.

Ndege ya namna hiyo haikusumbuliwa na viwanja vya nyasi. Kilichoisumbua ni mwinuko na joto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, jambo ambalo hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa bawa kubeba. Mzigo ambao ndege iliunyanyua Dar es Salaam bila taabu huenda ingeshindwa kuunyanyua Nairobi saa nane mchana. Kwa hiyo mizani ilikuwa chombo muhimu sawa na usukani: kilo kumi za ziada si jambo dogo kwenye ndege ya watu wanane. Tatizo hili la mwinuko na joto lilizidi kulifuata shirika na, kama tutakavyoona, ndilo lililoamua ndege zake kubwa zitakuwa za aina gani.

Ilikuwa ikienda wapi hasa katika miaka ya mwanzo?

Mgongo wake ulikuwa njia ya pwani iliyorithiwa kutoka enzi za Wilson Airways, pamoja na safari za kuunganisha Nairobi na Uganda kwa upande wa magharibi. Kilichokuja kulikuza shirika ni mikoa ya ndani ya Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga zenyewe zilishindikana, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Lakini wakati ukiendelea ulihitaji wahandisi, mafundi, vipuri na barua, vyote kwa haraka, na viwanja vya ndege vilivyofyekwa kwa ajili yake vilibaki hata matrekta yalipoondoka. Ndiyo sababu jina la Nachingwea lilidumu katika ratiba za shirika, karibu na Lindi, Mtwara na Songea.

Rapide zilifuatwa na Lockheed Lodestar, kisha Douglas DC-3, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la Dakota. Dakota ndiyo iliyobeba shirika mabegani kwa miaka ya 1950. Ilikuwa imara, mafundi waliijua ndani na nje, na baada ya vita zilipatikana nyingi kwa bei nafuu. Mwaka 1958 uwanja mpya wa Embakasi ulifunguliwa nje ya Nairobi, na hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa shirika hadi mwisho. Haifai kuutaja uwanja huo bila kuwataja waliouchimba: kwa sehemu kubwa ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa kipindi cha hali ya hatari, waliotiwa kizuizini kwa kuhusishwa na Mau Mau. Kati ya abiria waliotembea juu ya lami ile, ni wachache tu waliolijua hilo.

Shirika dogo kama hilo lilifikaje London?

Kwa hatua mbili. Mwaka 1957 lilianza kutumia ndege za Argonaut zilizokuwa za BOAC, zenye injini nne za panga, na kwa mara ya kwanza likawa na safari yake lenyewe hadi Uingereza. Mwaka 1960 lilipokea Comet 4, ndege ya jeti. Katika miaka kumi na minne lilikuwa limetoka kwenye mbao na kitambaa hadi kwenye jeti, wakati mashirika mengi makubwa ya dunia ndiyo kwanza yalikuwa yakihamia kwenye jeti.

Kwa safari za ndani lilinunua Fokker F27 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndege iliyofaa viwanja vifupi vya mikoani, na baadaye Twin Otter kwa viwanja vifupi zaidi. Kisha mwaka 1966 ikaja Super VC10. Ndege hii ilitengenezwa Uingereza ikikusudiwa hasa viwanja vya juu na vya joto kama vya Afrika: injini zake nne zilikaa mkiani, na mabawa yakaachwa matupu ili yafanye kazi ya kunyanyua tu. Kwa kuruka kutoka Nairobi mchana ikiwa imejaa abiria na mafuta, ilifaa kweli. Ubaya wake ni kwamba ilikunywa mafuta kuliko Boeing 707, na ziliundwa chache mno, hivyo vipuri na mafunzo vilikuwa ghali. East African Airways ilichukua tano, na ya tano, iliyopokelewa mwaka 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa.

Kwa nini ndege za shirika moja zilikuwa na namba za usajili za nchi tofauti?

Swali hili huulizwa na wanaotazama picha za zamani, na kwa maoni yangu ndilo lenye jibu linaloeleza mengi kuliko yote.

Sheria ya kimataifa inataka kila ndege isajiliwe katika nchi moja. Hakuna rejesta ya pamoja ya nchi tatu. Baada ya uhuru, Uganda ilitumia herufi za mwanzo 5X, Tanganyika na baadaye Tanzania 5H, na Kenya 5Y. Shirika lilikuwa na Comet tatu, hivyo zikagawanywa moja moja: moja ikawa 5X-AAO, nyingine 5H-AAF, ya tatu 5Y-AAA. Hesabu iliingia sawasawa. DC-9 zilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, nazo zilikuwa tatu, kila nchi ikapata yake.

VC10 zilikuwa tano, na tano haigawanyiki kwa tatu. Uganda ilisajili mbili, 5X-UVA na 5X-UVJ. Tanzania ilisajili mbili, 5H-MMT na 5H-MOG. Kenya ilisajili moja, 5Y-ADA, ingawa ndiyo iliyokuwa na makao makuu, karakana kubwa na sehemu kubwa ya ajira. Kwa abiria haikuwa na maana yoyote, kwa kuwa alikuta rangi zilezile, nembo ileile ya simba, wahudumu walewale. Kwa mawaziri ilikuwa na maana, maana bendera ya nchi iliyochorwa kwenye ndege inayotua London ni heshima ya taifa changa. Hivyo usajili uligawanywa kama nyama ya ubani, kila mtu ahakikishe sahani yake haikusahauliwa. Sioni aibu katika hilo. Lilikuwa jaribio la kweli la kuwafanya watu watatu waseme "yetu" juu ya kitu kimoja. Lakini usajili si umiliki, na siku ya kuachana, herufi za mkiani hazikumsaidia mtu kujua nani analipa deni la ndege gani.

Makao makuu yalikuwa wapi, na je, hilo lilileta manung'uniko?

Yalikuwa Nairobi, na manung'uniko yalikuwepo. Tume iliyoongozwa na Profesa Kjeld Philip wa Denmark ilichunguza uhusiano wa nchi hizi katikati ya miaka ya 1960, na kazi yake ikazaa Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Mkataba ulitawanya makao: Jumuiya yenyewe ikaenda Arusha, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi. Ulikuwa mgawanyo wa busara kwenye karatasi. Kwa upande wa ndege, hata hivyo, karakana na wataalamu huwezi kuvihamisha kwa saini, na Dar es Salaam na Kampala ziliendelea kuona kwamba mishahara mingi na ujuzi mwingi vilikuwa vikilimbikizwa mahali pamoja.

Shirika lilipata ajali kubwa?

Ndiyo, na waliopotea wanastahili kukumbukwa kwa usahihi.

Tarehe 18 Mei 1955, Dakota iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mteremko wa Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walifariki.

Ajali mbaya zaidi ilitokea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. VC10 yenye usajili 5X-UVA ilikuwa ikielekea Roma na London. Ikiwa mbioni kuruka, tairi la mbele lilikanyaga kipande kidogo cha chuma kilichoanguka kutoka kwenye ndege nyingine ndogo, likapasuka. Rubani aliamua kusimamisha ndege. Breki hazikushika ipasavyo, kwa sababu vali moja katika mfumo wake ilikuwa imeunganishwa vibaya baada ya matengenezo. Ndege ilivuka mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye ukingo, ikavunjika na kushika moto. Kati ya watu 107, walikufa 43. Vitu viwili vidogo, ambavyo kila kimoja kingetosha mkononi, vilikutana kwa sekunde chache. Kwa wafanyakazi wa karakana ya Embakasi, naamini huo ulikuwa msiba wa nyumbani kwa maana mbili.

Kwa nini shirika lilikufa?

Jibu la kawaida ni siasa, na siasa kweli zilikuwepo. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote nchini Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka ya Afrika Mashariki, yaani kikao cha marais watatu kilichokuwa na neno la mwisho, haikukutana tena. Shirika la ndege linaweza kuvumilia mambo mengi, lakini haliwezi kuvumilia kukosa mahali pa kupeleka uamuzi. Kununua ndege, kufuta njia, kuongeza mtaji, yote yalihitaji kibali cha juu, na juu hapakuwa na mtu.

Hata hivyo, anayelaumu siasa peke yake lazima aeleze hesabu. Hadi mwaka 1966 nchi zote zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Tiketi iliyouzwa Mwanza na tiketi iliyouzwa Kisumu zililipwa kwa fedha ileile, na kuzipeleka Nairobi ilikuwa kazi ya karani tu. Kisha kila nchi ikawa na shilingi yake na benki kuu yake, na baadaye ukaja udhibiti wa fedha za kigeni. Fedha za tiketi zilizouzwa Dar es Salaam au Kampala zikawa haziendi Nairobi bila ruhusa, na ruhusa ilichelewa au haikuja. Huku, kampuni za mafuta, za vipuri na za mikopo zilidai malipo yao kwa dola na pauni, kwa tarehe.

Yapo pia makosa ya biashara, na ni haki kuyataja. Mwishoni mwa 1970 shirika lilianza safari za New York, njia iliyojaa washindani wakubwa mno kwake, na haikudumu. VC10 zilizokunywa mafuta mengi zilikuwa mzigo hata kabla bei ya mafuta haijapanda ghafla mwishoni mwa 1973. Baada ya hapo zikawa mzigo maradufu. Ukilitazama kwa makini, shirika lilikuwa mashirika mawili ndani ya moja: moja la safari za nje, lililoleta sifa na madeni makubwa, na jingine la safari fupi za mikoani, ambalo lilikuwa sababu yake ya kuzaliwa.

Juu ya hizo safari fupi ndipo ugomvi mkali zaidi ulipokaa. Kutoka Nairobi ilisikika hoja kwamba njia za ndani ya Tanzania, ndefu na zenye abiria wachache, zililipiwa na mapato ya njia zenye faida. Kutoka Dar es Salaam ilisikika hoja kwamba shirika la umma halikuundwa kwa ajili ya njia zenye faida tu, na kwamba faida hiyohiyo ilitokana na soko la pamoja. Kila upande ulikuwa na ukweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa sauti, mbele ya wote, thamani ya kufika Songea wakati wa masika ni shilingi ngapi, na nani azilipe. Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa ruzuku iliyoandikwa wazi katika bajeti. Badala yake liliachwa lijifiche ndani ya hasara ya jumla, na hasara isiyo na jina kila mtu humwona mwenzake kuwa ndiye aliyeileta.

Siku za mwisho zilikuwaje?

Zilikuwa za haraka kuliko wengi walivyotarajia. Uganda ilikuwa imeshaunda shirika lake kisheria mwaka 1976. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za East African Airways zilibaki chini, na tarehe 4 Februari 1977 Kenya Airways ilianza kuruka, kwanza kwa Boeing 707 mbili za kukodi. Tanzania ilijibu kwa kufunga mpaka wake na Kenya mwezi huohuo, na magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wa Tanzania zikazuiwa. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Jumuiya yenyewe ilivunjika katikati ya mwaka 1977.

Mtu aliyezoea kuruka kutoka Nairobi na kutua Kilimanjaro chini ya saa moja alijikuta hana njia ya moja kwa moja ya angani wala ya barabarani.

Ni mashirika gani yaliyochukua nafasi yake?

Kenya Airways, Uganda Airlines, na Air Tanzania, iliyoundwa Machi 1977. Uganda Airlines ile ya kwanza ilifungwa mwaka 2001, na nyingine yenye jina hilohilo ikaanza safari mwaka 2019. Kwa miji midogo, sehemu ya kazi ilikuja kuchukuliwa na kampuni binafsi. Mfano ni Precision Air ya Tanzania, iliyoanza safari mwaka 1993. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, lakini haikurudisha shirika la ndege la pamoja.

Mali na madeni viligawanywaje?

Ilichukua miaka saba. Mpatanishi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, alipitia mali za mashirika yote ya Jumuiya, kuanzia mabehewa na gati hadi majengo na ndege, na makubaliano yakatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya thamani ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Ukizilinganisha na tarakimu za mtaji wa 1946, utaona mizani ilivyosogea, ingawa hesabu ya 1984 ilihusu Jumuiya nzima na si ndege peke yake.

Wafanyakazi walipata haki zao?

Wengi walichelewa mno kuipata, na wengine walikufa wakingoja. Fundi, karani au mhudumu wa ndege aliyeajiriwa na Jumuiya alikatwa michango ya mafao yake na mwajiri ambaye kufikia katikati ya 1977 hakuwepo tena. Makubaliano ya 1984 yaliiachia kila nchi jukumu la kuwalipa raia wake, na utekelezaji ukaburutwa. Nchini Tanzania, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado mahakamani na barabarani Dar es Salaam katika miaka ya 2000, wazee wenye mafaili ya karatasi zilizobadilika rangi, wakidai fedha za kazi waliyoifanya kabla vijana waliokuwa wakiwapita njiani hawajazaliwa. Katika historia yote ya shirika hili, hapa ndipo ninapoona deni lililokosa udhuru.

VC10 zilizobaki zilikwenda wapi?

Zote nne zilirudi Uingereza mwaka 1977 kwa sababu ya madeni, na Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua na kuzigeuza kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Viti vilitolewa, matangi yakawekwa, rangi za simba zikafunikwa. Zilipewa namba mpya ZA147 hadi ZA150, na ziliendelea na kazi miaka zaidi ya thelathini baada ya shirika lao kufa, muda mrefu kuliko waliozisajili walivyoweza kukaa pamoja.

ZA150, yaani 5H-MOG ya zamani, ilitua kwa mara ya mwisho Dunsfold, kusini mwa Uingereza, tarehe 24 Septemba 2013, na ikahifadhiwa huko. Kesho yake ZA147 iliruka hadi Bruntingthorpe, na baada ya injini zake kuzimwa hakuna VC10 nyingine iliyopaa tena popote duniani. Hiyo ndiyo 5H-MMT, ambayo zamani ilikuwa ikiondoka Embakasi jioni kwenda London ikiwa na herufi za Tanzania.